Nyekundu Kwenye Bodi

Jumatano, tarehe 4 Juni

Mwanangu mkubwa, Fyuzi wa baba yako,

Pokea salamu za mama yako, na baada ya hizo pokea nyingine, maana za kwanza nimezituma na machozi. Hujambo? Unakula? Mimi sijambo, isipokuwa magoti, na magoti si ugonjwa, ni umri. Bibi yako mzaa baba hajambo, ila masikio yameshaaga kabisa, ukimwamkia anakujibu ameshakula. Kitinda dada yako hajambo, amepata kazi ya kushona mashuka ya hospitali, vidole vimejaa matundu ya sindano lakini anacheka. Jirani Mama Mapacha anakusalimia na mapacha wake, wamekuwa wakubwa, bado hakuna anayewatofautisha, hata ukiwachapa unamchapa asiye na kosa. Mjomba wako Breki hajambo, lori ni lile lile, bado anajisifu kwamba hajawahi kubadilisha breki kwa sababu hazitumii. Hakusema nikusalimie. Lakini ni ndugu yangu, tumbo moja ziwa moja, kwa hiyo nakusalimia kwa niaba yake.

Nyundo mdogo wako hajambo. Hapo ndipo kalamu inasita.

Fyuzi, ameitoa ile pikipiki ya baba yako bandani. Miaka miwili ililala chini ya magunia tangu asubuhi ile ya ukungu kwenye kona ya kiwanda cha mbao. Ameunyoosha uma wa mbele kwa moto na nyundo, amepaka tangi rangi, injini inanguruma kama zamani, nikiisikia nakimbilia dirishani nikidhani baba yenu amerudi kazini. Sasa anafunga taa za LED. Anasema zile taa za zamani zilizowaka manjano kama kiini cha yai ndizo zilizomuua baba yake, hizo na mkono wa aliyezitengeneza siku moja kabla. Nakuandikia anavyosema yeye. Unajua mama yako hana siri ya kuvumbika.

Taa haziwaki. Alinunua ya mbele na ya nyuma, akafunga, kimya. Akanunua nyingine, kimya. Basi Jumatatu akaenda kwa muuza spea, na hakwenda kuuliza. Alimshika kola akamgongesha uso kwenye kaunta mara tatu. Yule mtu wa watu analia, "Nyundo, taa ni nzima, naapa taa ni nzima!" Mwanangu anamwambia, "Uzima wenyewe ndio huu?" akamgongesha ya nne. Meno mawili yalibaki kwenye sahani ya boliti. Mimi nimeyaona, nilikwenda kuomba radhi.

Sasa anasema Jumamosi tarehe 14 atarudi na nondo amalize hesabu. Na kaka za muuza spea ni watatu, wamekaa pale dukani wananoa mapanga mbele za watu kama wanaotangaza biashara. Atakayekufa ni mmoja, sijui yupi, ila najua atakayelia.

Jina lako halitajwi humu ndani, Nyundo alilikataza. Lakini waya unazijua wewe. Niambie kwa nini hazitaki kuwaka. Niandikie upesi kabla ya Jumamosi hiyo.

Mimi mama yako


Jumapili, tarehe 8 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku nakula. Fundi mkuu wangu ni mlafi lakini si mchoyo. Usishangae mwandiko kuwa mbovu, meza ya hapa inayumba.

Mwambie Nyundo muuza spea hakumdhulumu. Magari yote anayoyajua, waya mweusi hufungwa kwenye bodi, yaani chuma chenyewe, na mwekundu huenda kwenye taa. Pikipiki ya baba ni ya zamani sana, iliundwa kinyume: nyekundu ndiyo inayokaa kwenye bodi. Baba alikuwa akisema ilizaliwa na moyo upande wa kulia. Balbu ya zamani haijali umeme unaingilia wapi, ndiyo maana hakuna aliyegundua. LED ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Ukiipa umeme kinyume haiungui, haitoi moshi, inanyamaza tu kama mtu aliyesusa.

Kwa hiyo abadilishe nyaya mbili za taa, moja ikae mahali pa mwenzake. Asizifiche ndani ya kikombe cha taa, aziache chini ya tangi upande wa kushoto kwa plagi za kuchomeka, mkono ufike, ili siku ikisumbua asivunje kitu. Ahakikishe pia taa ni za volti sita. Dinamo ile na betri yake hazina nguvu ya zaidi, lakini LED zinakula kidogo, zitang'aa kuliko alivyowahi kuona.

Mama, jambo moja. Ile balbu ya zamani ya mbele, iliyokuwamo asubuhi ile, mmeitupa? Kama ipo, usiioshe, usiitikise. Ishike kwenye mwanga utazame ule waya mwembamba wa ndani. Uniambie umekaaje. Usiniulize kwa nini.

Ni mimi, Fyuzi


Jumapili, tarehe 15 Juni

Mwanangu, tena mwanangu,

Salamu nyingi, za nyumba nzima, leo sizitaji mmoja mmoja, nina haraka ya furaha. Taa zimewaka!

Barua yako nilimsubirisha Nyundo mpaka ashibe, nikamwambia, baba, nyekundu inakaa kwenye bodi. Akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamjibu, "Yule uliyemvunja." Akatoka nje. Basi, ikaisha hivyo. Jicho langu la kulia limevimba kidogo, niligongwa na mlango, lisikutie wasiwasi, ila kusoma ndiyo siwezi, na haya naandika kwa kukisia mistari.

Kesho yake akageuza nyaya. Akabonyeza. Fyuzi, mwanga ule ni mweupe kama maziwa, ulipiga ukuta wa banda mpaka tukaona misumari ambayo hatukujua ipo. Bibi yako akafunika macho akauliza nani amefungua paa. Nyundo akakaa chini kwenye mafuta na vumbi akalia. Kisha akasema bila kunitazama, "Mwambie huyo mtu waya umekubali." Huyo mtu! Lakini mimi nimelipokea, kwa Nyundo hilo ni shairi.

Jumamosi alikwenda dukani bila nondo. Akasema mbele ya watu, kosa ni langu. Kaka za muuza spea wakaweka mapanga chini wakamtia ngumi. Nilizihesabu, zilikuwa kumi na moja, na teke moja alipokuwa ameshaanguka. Hakurudisha hata moja. Akainuka akatema damu akawauliza, "Mmeshiba?" Yule asiye na meno akacheka, akampa glasi ya maji. Yamekwisha.

Leo mjomba wako Breki alikuja kunywa chai. Nyundo akamwashia taa. Akaruka nyuma akasema, "Hii itaamsha hata maiti!" Hakuna aliyecheka. Akakutania wewe, akakuita fundi wa giza, kama kawaida yake. Kisha akaiona ile balbu, maana ipo, nimeihifadhi kwenye kikombe dirishani na pete ya baba yako. Akaichukua akasema takataka hii naenda kuitupa chooni. Nikamnyang'anya nikamwambia iache, Fyuzi ameiulizia. Chai ikampalia, akakohoa mpaka akaondoka, hata kofia kaisahau.

Waya wa ndani uko hivi, Kitinda naye ameutazama. Kioo ni kizima. Ule waya hukunjwa kama springi ndogo sana, sivyo? Basi huu umevutika, umekuwa mrefu umelegea umepinda upande mmoja, kama springi ya kalamu ikishachezewa na mtoto. Mwisho wake mmoja umeachia. Kuna nini?

Mama yako

Kaka, ni mimi Kitinda, naongeza chini hapa mama hajui. Si mlango. Ni spana. Nyundo aliirusha ukutani alipotajiwa wewe, ikarudi. Hakumkusudia, lakini mlango haurushwi.


Ijumaa, tarehe 20 Juni

KITINDA, KARATASI HII MSOMEE MAMA MKIWA WAWILI. Ile nyingine ya mchoro wa taa ya nyuma ndiyo ya Nyundo.

Mama, shikamoo. Kaa kwanza.

Waya wa balbu ukiwa umezimwa ni mkavu. Gari likigonga, hukatika kama njiti ya kiberiti, na mikunjo yake hubaki midogo vilevile. Waya unaowaka ni laini, umeiva kwa moto. Ukigongwa kwa nguvu, huvutika. Huku tunaletewa magari yaliyopata ajali kila wiki, nimeona balbu za aina zote mbili mpaka nazitambua nikiwa nimesinzia. Mama, taa ya baba ilikuwa inawaka. Ilikuwa inawaka lori la Mjomba lilipomgonga. Dinamo niliyoitengeneza ilikuwa inafanya kazi.

Mjomba alisema hakukuwa na taa. Alisema kwa polisi, akasema kaburini, mbele ya watu wote, na akanitazama mimi. Aliiona, mama. Aliona taa akasema ni giza.

Meza haiyumbi. Naandika kwa mkono wa kushoto. Siku ile ya mazishi Nyundo alinipiga na mnyororo wa pikipiki, kiwiko cha kulia hakikuunga vizuri, sishiki kitu kizito. Sikumlaumu. Niliamini kama yeye: kwamba nimemuua baba. Miaka miwili nimefunga taa za watu na kila ikiwaka nasema kwa nini hukuwaka ile. Leo asubuhi nimelala sakafuni karakana nikacheka, wakadhani nimepigwa na umeme.

Sasa sikiliza. Nyundo asijue. Unamjua: hasira ikimfika hana breki kuliko huyo Mjomba. Nakuja mwisho wa mwezi, tutaipeleka balbu kwa inspekta wa polisi, mimi na wewe. Mpaka hapo ifiche, na umkaribishe Mjomba chai kama kawaida. Nimeshapoteza baba. Sitaki mdogo wangu awe muuaji kwa ajili yangu.

Fyuzi


Jumanne, tarehe 24 Juni

Kaka,

Bahasha nilifungua mimi. Nilikuwa nasubiri mchoro. Kitinda alikuwa kazini, na jicho la mama bado, akaniambia, "Nisomee na hiyo nyingine, baba." Nilimsomea yote. Mpaka mwisho.

Sijui namna ya kuandika kuhusu mkono wako, kwa hiyo siandiki. Ukija nitaweka wangu juu ya jiwe, nyundo utashika wewe.

Nimeipeleka balbu kiwandani, nimewaonyesha wapakia magogo wote. Wameishika mmoja mmoja. Mjomba hakuwapo, alikuwa msituni. Kesho alfajiri anashuka na magogo kupitia kona ile ile. Ukungu upo wiki nzima. Nitapanda na pikipiki ya baba nimkabili katikati ya barabara, taa zote zimewaka. Nataka safari hii aone. Nataka asimame, ashuke, aseme mbele ya mwanga huo kwamba haoni taa. Nondo nimeifunga kwenye tangi.

Taa ni nzuri sana, kaka. Asante.

Nyundo


Jumamosi, tarehe 28 Juni

Mwanangu Fyuzi,

Salamu. Bibi yako hajambo, anauliza pikipiki mbona haingurumi, na yeye ni kiziwi. Kitinda hajambo, analala chini ya kitanda cha hospitali, juu ya mashuka aliyoyashona mwenyewe. Nyundo anapumua. Mjomba wako Breki anapumua. Mimi naandika.

Barua ya Nyundo najua umeipata, nami nilijua ameiandika. Jumanne ile tukila chakula alinieleza kila kitu kwa upole, kama mtu anayeaga kwenda sokoni. Nilipiga magoti. Nikamwambia yule ni ndugu yangu, nilimbeba mgongoni. Akaniambia, "Mama, na mimi je, nilibebwa na nani?" Akaenda kuoga.

Alipokuwa anaoga nikaenda bandani. Nikapapasa chini ya tangi upande wa kushoto, pale ulipoandika mkono ufike. Nikazikuta nyaya mbili. Nikachomoa ya kwanza, nikachomoa ya pili, nikachomeka moja mahali pa mwenzake. Wewe ndiye uliyesema, haiungui, haitoi moshi, inanyamaza tu. Nikasema bila taa hatakwenda, maana taa ndiyo safari yenyewe. Nikalala nikiwa nimejiona mjanja. Mimi, ambaye darasa la tatu sikulimaliza.

Alfajiri akabonyeza, giza. Akabonyeza tena. Akaipiga taa kofi, akaitukana, akasema, "Mama, imekufa." Nikamwambia, basi ni ishara, rudi ndani, baba. Neno lilikuwa hapa kooni, Fyuzi, hapa hapa: nimegeuza waya. Nikawaza, nikimwambia atarudisha, na ikiwaka atakwenda kuua. Nikalimeza. Akawasha injini akasema, "Asiponiona, atanisikia." Nikashika kiti cha nyuma. Alinikokota mpaka getini, magoti yangu ndiyo yamekwisha sasa, mkono ukaachia.

Sikuona. Nilisikia. Wanasema mlio wa lori la ndugu yangu likifunga breki haujawahi kusikika hapa. Lilifunga. Halikuwahi. Mguu wa kushoto wa Nyundo umekatwa juu ya goti, na kichwani wamemfungua na kumfunga, na hajaamka.

Nilipofika, Mjomba wako alikuwa amemkumbatia barabarani, damu mpaka kwenye nyusi, anapiga kelele, "Hakuwa na taa! Jamani, hakuwa na taa!" Maneno yale yale, Fyuzi. Maneno yale yale, kona ile ile. Na wapakia magogo walikuwa wameshaishika ile balbu kwa mikono yao. Mmoja akasema, "Leo pia?" Akamtwanga na ubao usoni. Wakaja wote. Walimpiga kwa mbao, kwa minyororo ya magogo, kwa buti, nilisikia mbavu zikivunjika kama kuni kavu. Lori wakalitia moto na magogo yake. Katikati ya miguu yao akaniona. Aliinua mkono, vidole viwili havipo, akasema, "Dada, waambie. Wewe waambie."

Alijuaje kwamba najua? Labda hakujua. Labda alimwita tu dada yake.

Sikusema. Nilisimama. Kwa muda ule mfupi, mwanangu, nilifurahi kila ubao ulipotua. Nakuambia wewe peke yako, maana nilikuwa nikisikia kiwiko chako ndani ya mlio ule. Polisi ndio walioniamsha.

Jana nimemwona. Amefungwa pingu kwenye kitanda cha pili kutoka cha Nyundo, limewatenganisha pazia tu. Mdomo umevimba, anaongea kwa pembeni. Akasema, "Ya kwanza iliwaka, dada. Niliiona inakuja, manjano. Nilikuwa nimesinzia upande usio wangu. Nikaogopa, nikamtupia mtoto. Hii ya pili sikuiona. Haki ya mama yetu, haikuwaka." Nikamjibu, "Najua." Akalia. Akadhani nimemsamehe. Sijamsamehe. Nimesema najua tu.

Inspekta anakuja Ijumaa tarehe 4 kuandika maelezo yangu. Ataniuliza swali moja: taa iliwaka au haikuwaka? Nikisema iliwaka, ndugu yangu ananyongwa au anauawa mlangoni na wapakia magogo, wamekaa pale nje na mbao zao mpaka leo, na hakuna atakayenilaumu. Uongo ulisemwa mara moja, utasemwa mara ya pili, tutakuwa sawasawa. Nikisema haikuwaka, ataniuliza umejuaje, nami nitamwonyesha mikono yangu.

Nitasema haikuwaka. Usiniandikie kunikataza. Niliona uongo wa taa moja ulivyoila nyumba yangu, ukala mkono wako, ukala miaka miwili, sasa umekula mguu. Nikiulisha tena, utamla Kitinda. Nitasema ya kwanza iliwaka na ya pili niliizima mimi, na kila mtu abebe gogo lake.

Ninachokiogopa si inspekta. Daktari anasema Nyundo anaweza kuamka siku yoyote. Neno la kwanza atakalouliza nalijua, ataniuliza taa ilikuwa na nini. Mimi nitamjibu, lakini nikimjibu nataka uwe umesimama upande wa pili wa kitanda, umshike, kwa huo mkono wa kushoto ulionao. Akinirushia kitu, kinipate. Akilia, akulilie wewe.

Pikipiki iko kituoni. Nimeomba waniruhusu niiguse, askari akaniangalia kama mwehu. Nikarudisha nyaya. Nyekundu kwenye bodi. Nikabonyeza. Kioo kimepasuka kama utando wa buibui, lakini inawaka, Fyuzi, mchana ule kweupe inawaka mpaka askari akafumba macho.

Nijibu upesi, hata neno moja, mpe dereva wa basi la kwanza. Au usiandike kabisa, panda wewe basi hilo. Na ukifika pale kwenye kona ya kiwanda, mwambie dereva awashe taa, hata kama jua limewaka.

Mimi mama yako